Waliorudi Nyumbani Bila Kufungwa

Daftari ninalo bado. Ni kaunta buku ambalo jalada lake limeliwa na mende upande mmoja, na ukurasa wa kumi na tisa una kosa langu. Mwaka huo nilikuwa katibu wa kamati ya kombe la mbuzi la mtaa wetu. Timu zilikuwa 11, uwanja mmoja wa mchangani, mwembe nyuma ya goli la kusini. Usiku wa kupanga ratiba nilichora makundi matatu: A timu nne, B timu nne, C timu tatu. Wawili wa juu wa kila kundi wanapita, hao ni sita. Robo fainali inataka nane. Nafasi mbili zilizobaki tukaamua wapewe washika nafasi ya tatu wawili wenye pointi nyingi. Mwenyekiti akasema sawa, mweka hazina akasema sawa, nami nikapiga mstari kwa rula.

Kundi C likatoka sare tupu: moja kwa moja, mbili kwa mbili, bila kwa bila. Kila timu ikawa na pointi mbili. Tukahesabu magoli ya kufunga, wa tatu wakawa vijana wa ng'ambo ya reli, waliofunga goli moja na kufungwa moja. Kwenye kundi A, wa tatu alikuwa amepigwa mechi mbili, ila alimkuta kibonde wa kundi akamchapa nne bila. Pointi tatu. Wa tatu wa kundi B alikuwa nazo nne. Tatu ni nyingi kuliko mbili, hesabu ya darasa la kwanza hiyo, na mimi nikaisoma kwenye kipaza sauti kwa kujiamini kabisa.

Kocha wa vijana wale ni mwalimu mstaafu. Hakuja na kelele. Alisubiri watu wapungue, akavuta kiti cha plastiki mpaka mezani, akaweka kidole kwenye daftari. "Katibu, hawa wamecheza tatu. Sisi tumecheza mbili. Hiyo mechi yetu ya tatu mmeiweka wapi?"

Nilimwambia kanuni ndiyo kanuni. Ni jibu la mtu aliyekamatwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa tahadhari watu wanapolalamikia mashindano ya ridhaa. Wa kwanza kutajwa huwa ni refa, anafuata mganga, kisha figisu za wenyeji. Yote hayo yapo, sibishi. Ila mara nyingi timu inayotolewa kwa dhuluma huwa imeshatolewa wiki tatu kabla, na mtu aliyeshika biki, asiye na nia mbaya, ambaye hakujua hesabu ya alichokuwa anakiandika.

Tatizo la kundi pungufu limewasumbua hata wakubwa. Mchujo wa Afrika wa kwenda Kombe la Dunia la 2026 ulipangwa makundi tisa ya timu sita sita. Eritrea ikajitoa kabla mpira haujapigwa, na kundi E, lile la Taifa Stars na Morocco, likabaki na timu tano. Wakati huohuo washindi wa pili wanne bora walikuwa wanatafutwa waingie kwenye mchujo wa nyongeza. Utamlinganishaje aliyecheza mechi nane na aliyecheza kumi? Jibu lililotumika ni kufuta, katika makundi mengine yote, matokeo dhidi ya timu iliyoshika mkia. Burkina Faso waliokuwa na pointi 21 wakanyang'anywa sita walizochuma kwa Djibouti, wakabaki na 15. Nigeria walikuwa na 17 tu, lakini kwa Zimbabwe walikuwa wametoka sare mara mbili, kwa hiyo walipoteza mbili, nao wakabaki na 15. Tofauti ya magoli ikaipeleka mbele Nigeria.

Kanuni hiyo ina machungu yake, waulize Burkinabe. Ni vigumu kumweleza mchezaji kwamba ushindi wake haukuwa ushindi kwa sababu aliyemfunga ni dhaifu. Lakini nilipoirudisha kwenye ukurasa wangu wa kumi na tisa nilikaa kimya kidogo. Ukifuta mechi dhidi ya mkia, wa tatu wa kundi A anabaki na sifuri. Wa kundi B, ambaye naye alimfunga kibonde wake na kupata sare moja kwingineko, anabaki na pointi moja. Vijana wa ng'ambo ya reli wanabaki na mbili zao zilezile. Wangekuwa wa kwanza kati ya hao watatu. Sisi tuliwarudisha nyumbani hawajafungwa na mtu, tukawapa nafasi waliofungwa mara mbili.

Kundi la timu tatu lina ugonjwa mwingine, na huo ni mbaya zaidi kwa sababu unawafanya watu wema wawe wezi. Siku ya mwisho timu mbili zinacheza na ya tatu imekaa chini ya mwembe inakula miwa. Wanaocheza wanajua hasa wanachohitaji. FIFA nayo ilikuwa imepanga makundi 16 ya timu tatu kwa Kombe la Dunia la 2026, kisha Machi 2023 ikabadili na kurudi kwenye makundi 12 ya timu nne, ingawa hilo lilipandisha idadi ya mechi mpaka 104. Walikuwa na sababu ya kuogopa. Tarehe 25 Juni 1982, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria goli moja mapema, na kuanzia hapo pande zote mbili zikawa zinapigiana pasi za nyuma, maana matokeo hayo yaliwavusha wote. Algeria, waliokuwa wamewafunga Wajerumani kwenye mechi ya kwanza, walikuwa wameshamaliza mechi zao siku moja kabla. Wakatolewa wakiwa watazamaji. Kuanzia 1986 mechi za mwisho za kundi zikaanza kuchezwa kwa wakati mmoja.

Mchangani hatuna viwanja viwili. Hapo ndipo wengi huinua mikono. Lakini kinachotakiwa ni siku moja tu ya viwanja viwili, ile ya mwisho ya makundi, na karibu kila kata ina shule ya msingi yenye uwanja. Mwalimu mkuu akiandikiwa barua mapema, akaahidiwa kwamba goli litarudishwa likiwa na nguzo zake zote tatu, mara nyingi hukubali. Ikishindikana kabisa, mimi ningewakutanisha vigogo wa kundi siku ya kwanza. Ukiwaacha wakutane siku ya mwisho, huenda wote wameshafuzu, na utapata ile tunayoiita mechi ya kukamilisha ratiba: wachezaji wa akiba, utani mwingi, na timu ya tatu imelia.

Kuhusu timu zinazolingana pointi sina mengi. Tumieni tofauti ya magoli, tumieni matokeo ya wao kwa wao, mnavyopenda, mradi kila nahodha awe ameisikia ikisomwa kwa sauti kabla ya kipenga cha kwanza. Oktoba 2011 Afrika Kusini walitoka suluhu na Sierra Leone, wakacheza ngoma uwanjani wakidhani wamefuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa magoli. Kanuni ilikuwa inaangalia matokeo ya wao kwa wao. Waliofuzu walikuwa Niger, ambao siku ileile walikuwa wamefungwa na Misri. Nasi hao Niger tunawajua. Mei 2017 kule Gabon, kwenye fainali za vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys walimaliza makundi na pointi nne sawa na Niger, tofauti ya magoli sawa. Niger walikuwa wametufunga moja bila. Wakaenda nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa ndiyo tiketi ya Kombe la Dunia la vijana India. Iliuma, lakini sikumbuki aliyesema tumeibiwa. Kanuni ilijulikana.

Kuna wanaosema dawa ni mtoano mtupu: ukifungwa, nenda. Ni mwepesi kuupanga na watazamaji wanaupenda. Nauona kuwa ndio mtindo katili kuliko yote kwa watu wa ridhaa. Timu 16 zikianza mtoano, nane zinarudi nyumbani baada ya dakika tisini. Vijana wamechanga fedha za jezi mwezi mzima, wamekodi kipanya, wamekutana na bingwa mtetezi kwa bahati ya kizibo cha soda kilichochomolewa kwenye kofia, basi, msimu umekwisha. Na timu zikiwa 11 mtoano unataka timu tano zipite raundi ya kwanza bila kutoka jasho. Nimewahi kuhudhuria droo ambayo timu ya mwenyekiti wa kamati ilikuwa miongoni mwa hizo zilizopita bila jasho. Mwaka uliofuata ikapita tena. Kizibo chake, watu walinong'ona, kilikuwa kimelala kwenye jokofu ili mkono ukitambue. Sijui. Ninachojua ni kwamba aliyechomoa alikuwa mjumbe wa kamati, wakati palikuwa na watoto mia moja pale uwanjani ambao yeyote kati yao angeweza kuitwa aingize mkono.

Njia ninayoishabikia siku hizi imetoka kwenye sataranji. Wanaiita mtindo wa Uswisi, kwa sababu ilitumika kwanza Zurich mwaka 1895. Hakuna makundi na hakuna anayetolewa mapema. Raundi ya kwanza mnapangwa kwa droo. Raundi ya pili walioshinda wanakutana na walioshinda, waliofungwa na waliofungwa. Raundi ya tatu vivyo hivyo: kila mtu anapewa mwenye pointi zinazokaribiana na zake ambaye hajacheza naye. Baada ya raundi nne wa juu wanne wanaingia nusu fainali. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya tangu msimu wa 2024/25 imeazima sehemu ya wazo hili: timu 36 kwenye jedwali moja, kila moja mechi nane na wapinzani tofauti.

Nilikaa nikaipigia hesabu kwa timu zetu 11. Kila raundi mechi tano, timu moja inapumzika na kupewa pointi tatu, na hairuhusiwi kupumzika mara mbili. Raundi nne ni mechi 20. Nusu fainali mbili na fainali, jumla 23. Mashindano yetu yale ya makundi yalikula mechi 22. Kwa mechi moja ya ziada, kila timu ingecheza angalau mara tatu, kibonde angekutana na kibonde mwenzake akafurahi naye siku moja, na wale wa ng'ambo ya reli wasingeniuliza nimeiweka wapi mechi yao. Ubaya wake ni kwamba ratiba ya Jumapili inajulikana Jumamosi jioni, na katibu anatakiwa asilale. Mtu wa bodaboda anayebandika ratiba kwenye vibanda naye atataka nyongeza.

Hayo ni ya mtaani. Kwenye michezo ya shule swali ni zito zaidi, maana pale kufuzu kunaweza kubadili maisha ya mtoto. Bara tuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, na kwa desturi yetu anayepanda ngazi ni kombaini. Shule zinacheza, wanachaguliwa wazuri, inaundwa timu ya wilaya, wanachujwa tena, inaundwa timu ya mkoa. Kenya wana desturi nyingine: shule inabaki shule, inapanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, hadi kanda, hadi taifa, na wanaoimba kwenye basi ni wanafunzi wa shule ileile.

Nimebishana na marafiki wa Kakamega kuhusu hili mpaka chai ikapoa. Wanaona kombaini yetu ni ajabu: mwalimu anafundisha kikosi miaka mitatu, kisha watu wanakuja kumnyofolea mshambuliaji mmoja na kipa, hao wengine tisa wanarudi kulima bustani ya shule. Nawajibu kwamba kombaini inamwokoa binti hodari wa netiboli anayesoma kwenye shule ambayo haina hata pete ya goli iliyonyooka. Kwa Kenya, binti huyo asipohamishwa na shule kubwa haonekani kamwe. Na hapo wao hukubali, kwa sababu wanajua jinsi shule kubwa zinavyovuna wachezaji wa shule ndogo.

Tunachofanana ni hesabu ya nafasi. Sensa ya 2022 iliipa Dar es Salaam watu 5,383,728 na Katavi 1,152,958. Kila mkoa unaleta kombaini moja. Kocha wa Dar anaacha nyumbani kikosi cha pili ambacho kingetikisa mikoa kadhaa. Kenya, Kakamega School na Musingu zote zimewahi kuwa mabingwa wa taifa kwa kandanda, na zote ziko kaunti ya Kakamega. Kanda inayotoa bingwa mmoja maana yake mmoja wao anaitazama fainali ya taifa kwenye simu. Rift Valley ina kaunti 14, Kaskazini Mashariki tatu, na kila moja ni kanda moja.

Sitaki Katavi ipunguziwe chochote. Mkoa wa mbali unaokosa nafasi leo utakosa walimu wa michezo kesho, na safari yao ya siku mbili ndani ya basi ni adhabu ya kutosha. Ninachosema ni kwamba juu ya nafasi ya kila mkoa ziwepo chache za nyongeza kwa waliofanya vizuri mwaka uliopita, au wa pili wa mikoa yenye nguvu wachuane wenyewe. Si wazo geni kwetu. CAF huipa nchi iliyo kati ya 12 bora nafasi mbili kwenye Ligi ya Mabingwa, na ndiyo sababu msimu wa 2023/24 Simba na Yanga zilikuwa pamoja hatua ya makundi. Nchi nzima ilishangilia. Sikusikia mtu akisema Tanzania ilete moja tu, nyingine ikae nyumbani kwa ajili ya usawa.

Halafu kuna mamluki. Kila mwaka yupo mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye ndevu ambaye hawezi kumtaja mwalimu wake wa hisabati. Vijeba hawa huwakera wazazi kuliko jambo lolote lingine, na ni haki yao. FIFA ilianza mwaka 2009 kupiga picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye fainali za chini ya miaka 17, kuona kama mfupa umeshaungana. Serengeti Boys walifika Gabon kwa mlango huo: walikuwa wametolewa na Kongo Brazzaville kwa goli la ugenini, tatu mbili Dar na moja bila kule kwao, kisha CAF ikawaondoa Wakongo baada ya mchezaji wao mmoja aliyetiliwa shaka umri kutofikishwa kwenye kipimo.

Halmashauri haina MRI. Ina namba ya PREM, ambayo humfuata mwanafunzi wa shule ya msingi hata akihama, ina picha, na ina walimu wa shule jirani wanaofahamu sura. Orodha yenye picha ikibandikwa siku saba kabla ya mechi ya kwanza, pingamizi zikasikilizwa zote kabla mpira haujapigwa, nusu ya kelele inaisha. Tabu yetu tunapenda kusubiri tufungwe ndipo tulete rufaa.

Na hapa nina msimamo ambao wenzangu wa kamati hawaupendi. Timu ikithibitika ina mamluki, pointi za mezani apewe nani? Kwa desturi anapewa aliyelalamika: pointi tatu na magoli matatu. Lakini mamluki yuleyule aliwafunga wengine wawili wiki iliyotangulia, ambao hawakuwa na ada ya rufaa mfukoni. Mlalamikaji anapanda jedwali kwa sababu alikuwa na hela Jumanne. Mimi naona timu hiyo ifutwe na matokeo yake yote yafutwe, kundi libaki na waliobaki, na washika nafasi walinganishwe kwa ile hesabu ya kuondoa mkia. Mwenyekiti wetu huniambia nimesoma sana makaratasi.

Mwaka huu wameniomba tena niwe katibu. Mbuzi ameshanunuliwa, beberu mweusi mwenye baka jeupe kichwani, amefungwa kwa mama ntilie anakula maganda ya ndizi. Fomu zilifungwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi simu ikalia, namba ya yule mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Katibu. Nasikia fomu zimefungwa. Tuko timu ngapi?"

"Kumi na tatu."

Akanyamaza. Nikamsikia anahesabu kwa mdomo, pole pole, kama anayemwelekeza mtoto ubaoni.

"Sawa," akasema. "Ukichora makundi yako, nitafutie lile la wanne."